Cheti cha almasi kinapopotosha: maswali yanayoulizwa mara kwa mara na wanaonunua pete ya uchumba

Nilinunua pete ya uchumba katika duka moja la Houston kwa akiba ya miezi kumi na minne ya zamu za usiku. Cheti kilisema karati 1.02, rangi F, usafi VS2. Miaka mitatu baadaye jino moja linaloshika jiwe likalegea, nikaipeleka pete kwa fundi. Akalitoa jiwe, akakunja kadi nyeupe katikati, akalilaza kifudifudi kwenye mkunjo, kisha akaniambia nilitazame kwa ubavu. Pembeni yake akaweka jiwe lake la kulinganishia. Langu lilikuwa na rangi ya karatasi ya daftari lililosahauliwa juani. Tulilipeleka GIA, taasisi ya Marekani inayopima vito, likarudi na rangi I, usafi SI2. Uzito peke yake ndio haukubadilika.

Mke wangu bado anaivaa pete hiyo. Ila fedha niliyotoa ilikuwa ya jiwe lingine kabisa, na jambo hilo liliniuma kiasi cha kunifanya nijifunze. Vijana wetu wa hapa, na wengine kutoka Dar, Nairobi na Dubai, wamekuwa wakinipigia kabla ya kununua, na maswali yao yanafanana. Nimeyakusanya hapa.

Hizi herufi F, VS2, SI1 maana yake nini?

Almasi hupimwa kwa mambo manne: uzito, rangi, usafi na mkato. Rangi huanzia D, isiyo na rangi kabisa, ikishuka hadi Z yenye umanjano wa wazi. Inaanzia D kwa sababu A, B na C zilikuwa zimeshatumiwa ovyo na wafanyabiashara wa zamani, na waliotengeneza mfumo mpya walitaka kuanza upya. Usafi hushuka hivi: FL, IF, VVS1, VVS2, VS1, VS2, SI1, SI2, kisha I1, I2 na I3. Hapo mtaalamu anatafuta nyufa, punje na mawingu ndani ya jiwe kwa kulikuza mara 10. Kwenye VVS hata yeye huhangaika kuona kitu. Kwenye I1 hadi I3, kasoro unaziona mwenyewe kwa macho.

Mfumo huu uliwekwa mwaka 1953 na GIA, taasisi ya vito ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 1931.

Kama kipimo ni kimoja, inakuwaje jiwe moja lipate madaraja mawili?

Hapa ndipo penye kiini cha ukurasa huu, kwa hiyo nisome taratibu.

Uzito unapimwa kwa mizani. Rangi na usafi vinapimwa na jicho la mtu. Mtaalamu analaza jiwe kifudifudi kwenye trei nyeupe, chini ya taa maalumu, analilinganisha na mawe ya mfano na kusema: hili ni G. Mwenzake analiangalia bila kujua wa kwanza amesema nini. Wataalamu wawili waaminifu wanaweza kupishana daraja moja, na hilo si wizi. G ya mmoja ikawa H ya mwingine, maisha yanaendelea.

Tatizo linaanza maabara nzima inapozoea kulegeza kamba. GIA iliweka herufi, lakini herufi hazina mwenyewe. Mtu yeyote anaweza kufungua maabara kesho, akanunua darubini, akaanza kuandika "F, VS2" kwenye karatasi nzuri yenye muhuri wa kung'aa. Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, inakataza kupotosha wanunuzi kuhusu daraja la jiwe, lakini haikuchora yenyewe mstari wa wapi F inaishia na G inaanza. Kwa hiyo F ni F ya nani? Hilo ndilo swali la kwanza la kuuliza, kabla hata ya bei.

Sasa tazama biashara inavyokwenda. Mwenye jiwe ndiye anayelipa maabara. Jiwe ambalo kwa GIA lingekuwa I, SI2 analipeleka kwenye maabara legevu, linatoka F, VS2. Analiweka kabatini kwa bei iliyo chini ya F, VS2 ya GIA, na juu sana ya I, SI2. Mnunuzi anafungua simu, analinganisha herufi kwa herufi, anaona amepata punguzo la nguvu. Anatoka dukani akitabasamu. Mimi nilitoka hivyohivyo. Kwa jiwe la karati moja, tofauti ya madaraja matatu ya rangi pamoja na mawili ya usafi huweza kukaribia nusu ya bei.

Ukiona almasi mbili zenye herufi zilezile, uzito uleule na mkato unaofanana, halafu moja ni rahisi mno, usidhani muuzaji amekosea hesabu. Wanaouza almasi wanajua bei. Tangu mwaka 1978 wamekuwa na orodha ya bei ya Rapaport, wanayoitumia kama msingi wa kupatana. Bei inakwambia soko linaliona jiwe hilo kuwa la daraja gani, hata kama karatasi inasema lingine.

EGL ni nini, na kwa nini watu wanaitaja kwa tahadhari?

EGL ni maabara ya kupima vito iliyoanzia Antwerp, Ubelgiji, mwaka 1974, kisha jina hilo likasambaa nchi mbalimbali chini ya wamiliki tofauti. EGL USA, kwa mfano, ilikuwa kampuni mbali na EGL International. Wafanyabiashara walijua kwa miaka mingi kwamba vyeti vya baadhi ya matawi vilipanda juu ya GIA kwa madaraja kadhaa, na wao kwa wao walikuwa wanashusha bei kulingana na hilo. Aliyekuwa hajui ni mnunuzi wa mwisho, yule anayekwenda kumvisha mtu pete.

Mwezi wa Septemba 2014 RapNet, soko la mtandaoni la wafanyabiashara wa almasi, lilitangaza kwamba kuanzia tarehe 1 Oktoba 2014 halitaorodhesha tena almasi zenye vyeti vya EGL. Mwaka huohuo huko Nashville, Tennessee, wanunuzi walikwenda mahakamani kulalamikia madaraja ya mawe waliyouziwa na vyeti vya EGL International.

Inakuhusu nini leo? Pete za miaka ile zipo. Zinauzwa upya, zinarithiwa, zinatokea kwenye maduka ya rehani. Ukiletewa pete yenye cheti cha namna hiyo, usiibeze wala usiiamini. Jiwe lenyewe huenda ni zuri. Lipeleke lipimwe daraja upya, kisha ulilipie kwa daraja hilo.

Kwa hiyo GIA haikosei?

Inakosea, kama kazi yoyote ya macho ya binadamu. Na mwaka 2005 ilipatwa na aibu kubwa: iligundulika kwamba ndani ya maabara yake ya New York kulikuwa na watu waliohusishwa na kupandisha madaraja ya baadhi ya mawe, na wafanyakazi wakafukuzwa. Nalisema hili kwa sababu sitaki umwondoe mungu mmoja ili umsimike mwingine. Hata hivyo, kwa almasi ya asili, GIA ndiyo inayotumiwa na soko kama rula. Wenyewe hawaiiti karatasi yao cheti, wanaiita ripoti ya daraja. Haidhamini chochote wala haitaji bei.

Muuzaji amenipa tathmini inayosema pete ina thamani mara mbili ya bei niliyolipa. Nimebahatika?

Hapana. Tathmini iliyoandikwa na aliyekuuzia ni sehemu ya mauzo. Ukiikatia bima pete kwa thamani hiyo, utalipa ada kubwa kila mwaka, na pete ikipotea kampuni nyingi za bima zitakutafutia nyingine ya kufanana kwa bei wanayoipata wao. Hakuna siku utakayokabidhiwa ile fedha iliyoandikwa pale. Tafuta mtathmini asiyeuza almasi, umlipe kwa kazi yake, si kwa asilimia ya thamani ya jiwe.

Cheti kinasema SI3. Mbona haipo kwenye orodha yako?

Kwa GIA haipo. Daraja hilo lilizuliwa ili mawe yanayokaribia au kufikia I1 yasibebe herufi "I" inayowatisha wanunuzi. Ukiiona, lisome jiwe kama I1, kisha ulitazame kwa macho yako.

Dukani lilimeta ajabu. Hilo halitoshi kuwa ushahidi?

Taa za duka la sonara zimechaguliwa kwa kazi hiyo. Vile vijitaa vingi vyenye ncha kali hukifanya hata kipande cha kioo kicheze ngoma. Omba kutoka na pete hadi mlangoni au dirishani, uitazame kwa mwanga wa mchana, kivulini, kwenye mkono uliotulia. Mawe mengine huwaka buluu kwenye miale ya urujuanimno, na kwa kawaida hilo si ubaya, ila likizidi sana jiwe linaweza kuonekana lina ukungu kama kioo kilichopumuliwa.

Halafu kumbuka kwamba jiwe lililokwisha kupachikwa huficha mambo. Dhahabu ya njano hulitia jiwe rangi yake, na jino la pete linaweza kukalia ufa. GIA haitoi daraja kwa almasi iliyopachikwa. Anayekupa herufi kamili ya jiwe lililo ndani ya pete anakupa makisio.

Nimeambiwa pete ni "karati 1". Napata jiwe la karati 1?

Soma lebo. Mara nyingi ni uzito wa jumla: jiwe la kati pamoja na vidogo vyote vya pembeni. Jiwe moja la karati 1 ni adimu kuliko mawe ishirini yanayofikia karati 1 kwa pamoja, na bei zake haziko karibu hata kidogo.

Tena kwetu kuna mtego wa lugha, kwa sababu neno ni lilelile. Karati ya dhahabu ni kiwango cha usafi: 24 ni dhahabu tupu, 18 ni sehemu 18 kati ya 24. Karati ya almasi ni uzito, gramu 0.2. Nimeshapigiwa simu na kijana aliyeambiwa "pete ya karati 18" akafikiri jiwe ndilo hilo.

Kuhusu sehemu za karati, Marekani FTC inataka uzito uliotajwa kwa desimali uwe sahihi hadi tarakimu ya mwisho. Lakini duka likiandika "nusu karati", linaweza kuwa linazungumzia uzito wowote kati ya namba mbili, mradi liseme hivyo. Omba namba yenye tarakimu mbili baada ya nukta.

Na uzito si ukubwa. Almasi ya duara ya karati 1 iliyokatwa vizuri ina upana wa takriban milimita 6.5. Mkataji akitaka kubakiza uzito anaacha tumbo la jiwe liwe nene, unalipia karati 1 huku kidoleni inaonekana kama 0.85. Ripoti ina vipimo vya milimita. Visome kabla ya herufi.

"Usafi ulioboreshwa" ni nini?

Kuna njia mbili kuu. Ya kwanza ni kutoboa kwa leza kijitundu chembamba hadi kwenye punje nyeusi, kisha kuifua kwa asidi. Ya pili ni kujaza ufa kwa kitu kama kioo kilichoyeyushwa ili usionekane. Kujaza ndiko kunakoniogopesha, kwa sababu fundi akija kupunguza pete na moto wake, kijazio kinaweza kuharibika na ufa ukarudi mbele ya macho yako. GIA haitoi ripoti ya daraja kwa almasi zilizojazwa nyufa. Kuuza jiwe la namna hii si kosa. Kosa ni kulinyamazia. Uliza kwa maneno haya: "Jiwe hili limetobolewa au limejazwa?" Jibu liandikwe kwenye risiti.

Nitajuaje kwamba ripoti ni ya jiwe hili na si la lingine?

Kwanza ingiza namba ya ripoti kwenye tovuti ya maabara yenyewe, uone kama yanayotokea yanafanana na karatasi uliyoshika. Usitumie kiungo ulichotumiwa na muuzaji, andika anwani mwenyewe. Pili, mawe mengi yamechongwa namba hiyo kwa leza kwenye kiuno cha jiwe, ule ukanda mwembamba unaotenganisha juu na chini. Kwa macho huioni. Muombe muuzaji akuonyeshe kwa darubini, na usione haya kuomba.

Lakini namba peke yake haitoshi. Maabara zimeshakutana na almasi za maabara, yaani zilizokuzwa kiwandani, zilizochongwa namba za ripoti za almasi za asili zenye uzito unaokaribiana. Kwa hiyo linganisha pia uzito, vipimo vya milimita na, kama ripoti inao, mchoro wa kasoro. Mchoro ukionyesha ufa upande mmoja na punje mbili katikati, vitu hivyo lazima viwepo palepale.

Almasi za maabara nazo zina madaraja ya kupotosha?

Kwanza ni almasi kweli, kaboni ileile, zimekuzwa kiwandani kwa majuma. Zikiuzwa kwa jina lake sina neno nazo, na kwa bajeti ya vijana wengi ni chaguo la maana. Kinachobadilika ni thamani yake: bei zake zimeporomoka, na ukitaka kuiuza tena utaumia. Kwa kuwa nyingi zinatoka safi na nyeupe, kushindana kwa herufi kumepungua maana. Kuanzia Oktoba 2025 GIA imeacha kuzipa herufi za rangi na usafi kama za asili, na badala yake inaziweka kwenye makundi mawili tu. Ukikuta muuzaji anapima bei ya jiwe la maabara kwa orodha ya mawe ya asili, ondoka.

Sonara aligusa jiwe kwa kifaa kikapiga mlio. Imetosha?

Kifaa kile hupima jinsi jiwe linavyopitisha joto. Kinatenga almasi na kioo au zirkoni. Moisanaiti, jiwe jingine linalofanana na almasi, inaweza kukipita kwa sababu nayo hupitisha joto sana, na almasi ya maabara inakipita kwa haki kwa kuwa ni almasi. Kuhusu daraja, hakisemi chochote.

Nina mtu anayeuza almasi ya Mwadui, ghafi, bila cheti, kwa bei ya kutupa. Si bora ninunue ya nyumbani?

Naelewa hamu hiyo, hata mimi ningependa mke wangu avae jiwe la Shinyanga. Mgodi wa Mwadui unatoka kwa mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aliyegundua mwamba wake mwaka 1940, na mwaka 1947 jiwe la waridi la karati 54.5 kutoka hapo likawa zawadi ya harusi ya Malkia Elizabeth kabla hajawa malkia. Lakini asili ya jiwe haisemi daraja lake. Mgodi uleule hutoa jiwe la malkia na mawe ya kukatia vyuma viwandani.

Kulisoma jiwe ghafi ni kazi ngumu hata kwa wenye vifaa. Mwaka 2017 serikali ya Tanzania ilizuia shehena ya almasi za mgodi huo uwanja wa ndege Dar es Salaam: nyaraka zilionyesha thamani ya karibu dola milioni 14.8, serikali ikasema ni milioni 29.5, na kampuni ikakana kufanya kosa. Ikiwa pande hizo mbili zinapishana mara mbili, wewe na mtu uliyekutana naye Maganzo, jirani na mgodi, mna nini mkononi? Mara nyingi mna kwatzi. Na kununua madini ghafi bila leseni ni kosa la jinai, hata jiwe likiwa halisi.

Bajeti yangu ni ndogo. Nipunguze wapi?

Usipunguze mkato. Ndio unaolifanya jiwe liishi. Rangi unaweza kushuka hadi I au J kama pete ni ya dhahabu ya njano, hakuna atakayeona. Usafi, SI1 iliyo safi kwa macho inatosha kabisa. Uzito, nunua 0.90 badala ya 1.00: upana unapungua kwa milimita kidogo sana, na bei inashuka vizuri kwa kuwa hujalipia namba kamili. Ila madaraja hayo yawe ya kweli. I ya kweli iliyonunuliwa kwa bei ya I ni ununuzi mzuri.

Nimeshanunua na nina wasiwasi. Nifanye nini?

Tazama risiti yako leo, uone muda wa kurudisha bidhaa. Kabla haujaisha, peleka jiwe kwa mtaalamu asiyehusiana na duka. Duka likikwambia ukilitoa jiwe kwenye pete dhamana inakufa, waombe walitoe wao mbele yako. Majibu yakitofautiana kwa daraja moja, nakushauri ubaki nalo. Yakipishana madaraja mawili au zaidi, rudi na ripoti zote mbili, zungumza kwa upole na kwa maandishi, na udai fedha, si kubadilishiwa jiwe lingine lenye cheti cha maabara ileile. Kama ulilipa kwa kadi, iarifu benki mapema. Kenya kuna Sheria ya Kumlinda Mtumiaji ya mwaka 2012, Tanzania kuna Tume ya Ushindani, na Marekani unaweza kulalamika kwa mwanasheria mkuu wa jimbo lako.

Mimi nilichelewa. Muda ulikuwa umepita kwa miaka miwili na nusu.

Je, nimwambie mwenzangu?

Mimi nilimwambia jioni ileile. Nilimwekea ripoti zote mbili mezani, nikamweleza nilichofanya na nilichofanyiwa. Alisoma, akanyamaza kidogo, kisha akaniomba nimwonyeshe ufa uliotajwa kwenye ripoti ya GIA. Fundi alikuwa ameniazima lenzi. Ilimchukua dakika kama kumi kuupata: kitu kama unyoya mdogo mweupe, umelala karibu na kiuno cha jiwe, chini ya jino la pili. Sasa kila pete inapokwenda kusafishwa au kukazwa, anaitazama kwa lenzi kabla ya kuikabidhi na tena kabla ya kuipokea. Unyoya ukiwa mahali pake, anajua jiwe lililorudi ni lake.